Mwanamke wa Mwavuli

Pale Chemchem, kuta za watu zina kalenda na Moyo Mtakatifu wa Yesu. Kwa mzee Leodgar utakuta milima ya Ujapani, korongo wa Kichina na wafalme wa Kihindi juu ya tembo, picha kumi na tisa, kila moja ndani ya fremu aliyoiranda kwa mkono wake. Watoto walimwita Mzee Mapicha. Watu wazima walisema ana lake jambo, maana seremala asiye na kochi la maana anawatunzaje wafalme wa wenyewe?

Zilianza tatu. Mhandisi wa Kijapani aliyechimba visima Igunga, ambaye Leodgar alimtengenezea masanduku ya vifaa, alimwachia siku ya kuondoka. Akamweleza kuwa zimechapwa kwa mbao za kuchonga, rangi moja baada ya nyingine, akampa na sharti: zisiguse ukuta, zisipigwe jua. Fundi wa mbao akionyeshwa kazi kama ile hana ujanja. Nyingine alizisaka mwenyewe kwa wenye maduka wa Kihindi waliokuwa wakihama mji, na lile sharti hakulivunja miaka ishirini na miwili.

Mkewe, Eustadia, alizicheka zote isipokuwa moja. Ndani yake mwanamke mwenye mwavuli anavuka daraja, na mvua inamwagika.

"Baba Bertila, bado hajavuka?" alikuwa akiuliza kila asubuhi.

"Bado. Mvua haijakatika."

Utani huo ulidumu hata saratani ilipomlaza. Kisha macho nayo yakafifia, na kioo cha fremu kikawa kinamrudishia mwanga wa dirisha tu.

"Toa hicho kioo," akasema. "Iweke hapa karibu niiguse. Na nikifa, nizike naye, tukavuke wote."

Leodgar akaahidi.

Nyumba yao ni ya tofali mbichi, nyuma ya chokaa ni udongo mtupu. Leodgar alikoroga uji wa muhogo, akaibandika picha ukutani kando ya kitanda, vile vile mama zao walivyobandika magazeti. Mama yake alikuwa akitia jivu katika uji ule ili kufukuza mchwa. Yeye aliona jivu litaichafua karatasi, akaliacha. Kosa lenyewe ndilo hilo. Alilifanya kwa mapenzi, na mapenzi hayakumsaidia kitu.

Miezi minne Eustadia alipitisha kidole juu ya daraja. Wageni wakimjulia hali, aliwajibu, "Sijambo, namshukuru Mungu," uso umetulia, na ndani amekwisha. Leodgar alitaka kuuamini uso ule, akauamini.

Eustadia alifariki Jumanne adhuhuri. Kina mama walipofika kumwosha, Leodgar aliwaomba wampishe kidogo aibandue picha. Rangi zilikuwapo zote, buluu ya mto na wekundu wa mwavuli. Akapenyeza ncha ya kisu pembeni, kisu kikazama. Nyuma hapakuwa na karatasi tena. Mchwa walikuwa wametokea ndani ya ukuta, wakala, wakabakiza ngozi nyembamba ya mbele iliyoshikiliwa na udongo wao. Ikaporomoka yote sakafuni.

Bintiye Bertila alimkuta amepiga magoti.

"Baba, zimebaki kumi na nane. Mchagulie nyingine."

"Nyingine hakuiomba."

Akaukusanya udongo ule wenye chembe za buluu, akaufunga kwenye leso, akamwekea mkewe mkononi kabla jeneza halijafunikwa. Alilia sana, bila kujificha.

Makaburini, padri alipomaliza sala, watu walijipanga kutia udongo. Wa kwanza ni mume, ndiyo desturi, kwa hiyo wakamngoja. Leodgar alisimama ukingoni, mikono imening'inia.

"Baba, tia udongo," Bertila akamnong'oneza.

"Wangu nimeshatia," akasema, akawapisha wengine.