Ngazi ya Dungu

Mimi kutulia siwezi. Polio ilinilemaza miguu yote miwili nikiwa mdogo, na nadhani kiherehere chake kikapanda kichwani. Enzi hizo za ruksa, biashara zilipofunguliwa, wanunuzi wa kamba wa baharini walijaa bandarini Nyamisati, mitumba inafika mpaka vijiji vya delta, nami nazunguka na magongo yangu kutafuta watoto walemavu waandikishwe shule. Kila kitu ruksa, kasoro wao kutoka ndani!

Nikaambiwa Mbuchi yupo binti hatembei. Nikapanda mtumbwi. Nyumbani hakuna mtu. Msimu wa mpunga, wote wamehamia shambani. Nikajikokota kwenye tope mpaka nikalikuta dungu lao, kibanda juu ya nguzo ndefu za mikoko. Binti alikuwa huko juu, anaamia ndege: anapiga debe, anapiga kelele, kwelea wanaruka. Ngazi imelazwa chini majanini.

"Naiondoa asije akaanguka, dada," baba yake akaniambia, akitokea mpungani. "Asubuhi nampandisha, jioni namshusha. Hana shida. Shule atafikaje?"

"Atafika kama nilivyofika mimi hapa."

Akacheka kwa adabu. Hasira zikanipanda. Uandikishaji unafungwa kesho, maji yanakupwa, mwenye mtumbwi ananiita. Nikiondoka hivi hivi, mtoto atabaki juu huko mwaka mwingine mzima.

"Kaka, hebu isimamishe hiyo ngazi."

Akaisimamisha. Nikatupa magongo, nikapanda kwa mikono, miguu inaning'inia. Baba mtu akapiga yowe, "Yarabi, utaniletea kesi!" Binti akaacha debe. Hakunitazama usoni, alitazama mikono yangu.

"Kumbe ngazi inapandwa hivyo?"

"Na kushuka vilevile. Unataka shule?"

Alimwangalia baba yake chini, akashika debe lake tena. Nikashuka nimevunjika moyo kabisa. Nikamwomba yule bwana jambo moja tu, ngazi asiiondoe.

Nilikuwa nimeukaribia mtumbwi nilipogundua kwamba debe halisikiki tena. Nikageuka. Kwelea wametua kwenye mpunga, na binti anakuja juu ya tuta kwa mikono na magoti, tope mpaka shingoni.

"Shangazi, nisubiri!"

Nyuma yake baba mtu alisimama chini ya dungu, anautazama mpunga, anamtazama mwanawe. Kisha akapanda ngazi, akaanza kupiga debe.