Ini la Mto

Kila mwaka mvua kubwa zikianza, maji ya bomba hapa Bungoma hutoka yakinuka dawa. Majirani hunung'unika, na wenye uwezo hununua maji ya chupa. Mimi hufungua bomba nikasimama pale kwenye sinki nikiivuta ile harufu, mpaka mume wangu aulize kama kichwa changu kiko sawa. Kiko sawa. Ninanusa shati la baba yangu.

Baba alikuwa mchungaji wa mto. Najua hakuna kazi yenye jina hilo, lakini ndivyo nilivyowaambia wenzangu wa darasa la sita, nao wakaniamini. Kwenye mto mmoja unaoshuka kutoka Mlima Elgon, upande wa Saboti, palikuwa na kituo kidogo cha kuvuta maji ya kupeleka mjini Kitale: chumba cha mabati, pampu, mapipa ya dawa ya maji ambayo harufu yake haikutoka kwenye shati la Baba, simu ya kazi, na geti la chuma la kuzuia mto usiingie kwenye pampu, ambalo lilifungwa kwa kuzungusha usukani. Kila asubuhi Baba aliteka maji kwa chupa ya glasi, akaishika mbele ya karatasi nyeupe yenye msalaba mweusi, akatazama kama msalaba unaonekana. Kisha akaandika alichokiona katika kitabu kikubwa. Aliandika kwa Kiingereza, maana ofisi ilitaka Kiingereza.

Sasa, Baba alikuwa Mbukusu wa Bungoma tangu kucha hadi utosini, na kwake l na r zilikuwa watoto wa nyumba moja. Ukimwita huyu, anaweza kuja yule. Kwa hiyo msimu mzima wa mvua aliandika sentensi ileile: "The liver is dirty." Alitaka kusema mto ni mchafu. Alichosema ni kwamba ini ni chafu.

Kwa miaka mingi hakuna aliyekisoma kile kitabu. Mwaka huo akaja afisa mpya, kijana wa viatu vinavyong'aa, naye akakisoma. Akakisoma kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote, ukurasa baada ya ukurasa, ini, ini, ini, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Alipomaliza alimkumbusha Baba kwamba yeye bado ni kibarua, hana barua ya ajira, na kama ripoti hazitanyooka kufikia mwisho wa mwezi, kazi itapewa mtu anayejua kuandika. Haya hatukuyasikia kwa Baba. Mama aliyasikia sokoni.

Baba mwenyewe alirudi nyumbani siku hiyo, akanawa, akala, akamshukuru Mama kwa chakula. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Sijui kama nilikuwa nimewahi kumwona amekasirika, na nilidhani kuna watu ambao Mungu aliwaumba bila hasira, kama vile wengine wanavyozaliwa bila mwanya. Kesho yake nilipotoka shule aliniita mezani.

"Nasimiyu, mama," akasema, "mwalimu anasema wewe Kizungu unakijua. Hii maji chafu iko na majina ngapi?"

Nilijua jina moja tu, lilelile lake. Lakini mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na kitabu cha visawe, kinene, jalada lake limeshonwa kwa uzi mweusi. Nilimweleza shida yetu, akaniazima kwa siku tatu na kuniambia nikikilowesha nisirudi shuleni. Nilikibeba ndani ya mifuko miwili ya nailoni.

Jamani, kile kitabu. Nilikuwa nadhani kila kitu duniani kina jina moja, na ukishalijua umemaliza. Kumbe maji machafu peke yake yalikuwa na ukoo mzima. Kulikuwa na "cloudy", maji yaliyoingiwa na ukungu kidogo. "Muddy", yenye tope. "Murky", ambayo huoni chini. "Turbid", neno lililonifanya nimtazame Baba kwa heshima, maana lilisikika kama neno la watu wa mitambo. Halafu "roiled": maji yaliyokorogwa mpaka matope ya chini yakapanda juu. Nikafuata neno hilo kutoka ukurasa hadi ukurasa, nikajikuta kwenye "riled", na hapo hakukuwa na maji tena. Hapo kulikuwa na mtu aliyekasirika. Herufi moja tu imekatwa, na mto umegeuka mtu. Kutoka hapo nikaendelea hadi kwenye "furious", mtu aliyejaa ghadhabu, na nywele zikanisimama.

"Baba," nikamwambia, "Wazungu wanaongea juu ya maji na hasira na neno karibu moja."

Hakushangaa hata kidogo. "Na sisi ni hivyo," akasema. "Maji inachafuka. Roho inachafuka."

Nilikata boksi la sabuni, na juu kabisa nikaandika RIVER kwa herufi kubwa, R nikaipigia mstari mara mbili. Chini yake nikapanga maneno kama ngazi, kuanzia "clear", maji maangavu, hadi "furious". Sikujali kwamba katikati ya ngazi nilikuwa nimehama kutoka kwenye maji na kuingia kwenye watu. Baba akaitundika kadi yangu kwa msumari juu ya meza yake ya kazi, na tangu siku hiyo kitabu kikapendeza. "The river is cloudy." "The river is turbid." Afisa hakusifu, lakini pia hakusoma kwa sauti tena. Siku za mwezi zikawa zinayoyoma.

Jumamosi ya mwisho nilimpelekea Baba chai na viazi. Kule kwetu hakukuwa na tone la mvua, lakini mlima ulikuwa umevaa nyeusi tangu alfajiri. Nilimkuta amesimama kwenye ukingo. Maji yalikuwa mekundu, mazito, na hayakupiga kelele niliyoitarajia. Yalitoa mngurumo wa chini niliousikia kwa nyayo kabla ya masikio. Hewa ilinuka udongo na mizizi iliyong'olewa. Baba aliteka chupa yake, akaishika mbele ya msalaba, na msalaba ukapotea wote. Akaingia ndani, akaisoma kadi polepole kutoka juu hadi chini, akashika simu.

"Mkubwa," akasema, "the liver is furious."

Hata mimi nilisikia kicheko. Afisa alimwambia aende hospitali kama ini linamsumbua, na asithubutu kugusa geti, maana mji hauwezi kukaa Jumamosi bila maji. Akigusa, Jumatatu asije.

Baba alikuwa bado na simu sikioni. Niliona shingo yake ikijaa. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia na ambayo ilinifanya nirudi nyuma hadi ukutani: "Mkubwa, mto umekasilika. Mimi nafunga. Wewe kuja uone." Akakata simu, akauzungusha ule usukani kwa nguvu zake zote mpaka geti likagonga chini.

Gogo la kwanza lilifika kabla chai haijapoa. Lilikuwa mti mzima na mizizi yake, ukaligonga geti hadi chumba kikatikisika, ukazunguka ukaenda zake. Nyuma yake yakaja mawe, nguzo za ua wa mtu, na tope jekundu ambalo sijaona jingine kama hilo. Geti halikufunguka, na pampu ikapona. Nililia, lakini si kwa woga. Nilikuwa nimesikia sauti mbili kubwa siku moja, na sikujua ipi ilinitetemesha zaidi.

Afisa alifika alasiri, viatu vyake vikiwa si vya kung'aa tena. Akasimama ukingoni muda mrefu. Hakusema pole, lakini aliingia ndani, akakivuta kitabu, akaweka sahihi chini ya maneno ya Baba bila kurekebisha kitu. Barua ya ajira ilikuja baada ya majuma mawili.

Jumamosi ileile, afisa alipoondoka, nilichungulia ukurasa ule. Baba alikuwa ameandika: "The liver is furious." Nikachukua kalamu ili niirekebishe ile l kabla mtu mwingine hajacheka.

"Acha, mama," Baba akasema. "Hapo sijakosea. Hiyo ini ni yangu."

Nilidhani amechoka, nikaacha. Leo mimi ni mwalimu wa Kiingereza karibu na Kibabii, na kila ninapofundisha visawe huiona tena ile meza. Tangu nimpe kadi alikuwa ameandika "river" kila siku bila kosa. Na siku ile kadi ilikuwa mbele ya macho yake, R nimeipigia mstari mara mbili.