Kamera niliyomfungia mama kijijini Endasak inijulishe akianguka

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi hata punje.

Nafanya kazi za kompyuta Dodoma. Mama yuko kijijini Endasak, peke yake tangu mzee afariki. Ana presha.

Msimu wa kupanda alianguka uani akashindwa kuinuka, mpaka jirani alipopita kuomba moto.

Basi nikamfungia kamera uani, kwa ruhusa yake. Nikaiunganisha na programu ya machine learning, ile inayojifunza kwa kuonyeshwa picha, inayotambua mkao wa mtu: amesimama, ameinama, amelala chini. Ikiona amelala chini, simu yangu inalia.

Wakuu, ililia!

Mama akiinama kufagia, inalia. Akichutama kuchambua maharage, inalia. Nampigia hapo hapo.

"Shikamoo mama. Uko salama?"

"Marahaba. Nachambua maharage. Hiyo kamera yako haijawahi kuona mtu anafanya kazi?"

Kweli haikuwahi. Ilifundishwa kwa picha za watu wa ofisini.

Nikaifundisha upya kwa video za mama mwenyewe. Ikatulia kabisa. Kazini nilijisifu mpaka wenzangu wakachoka.

Wiki kadhaa baadaye ikalia tena: amelala chini. Nikapiga haraka, mama akapokea, mzima wa afya. Kesho yake tena. Keshokutwa tena.

Nikafungua video nione programu inakosea wapi.

Namwona mama anatoka jikoni. Anatandika khanga. Anajilaza taratibu, simu kaiweka kifuani, macho kwenye kamera. Anasubiri.

Nikampigia. "Mama, mtu anayeanguka anatandika khanga kwanza?"

"Sasa ulitaka nichafuke?"

Nilicheka. Yeye akasema, "Ulipoitengeneza hiyo kitu ukaacha kupiga. Zamani ilipokuwa mbovu tulikuwa tunaongea kila siku."



Siku hizi nampigia kila jioni, ananipa habari za ng'ombe, za kwaya, na za nani kaposa. Uani hajilazi tena.

Nilichojifunza: programu haikukosea, mama alikuwa amelala chini kweli. Mimi ndiye niliyedhani simu isipolia basi mama yuko sawa.

Wenye wazazi mbali, nyie mnawaangaliaje? Na kama kuna mtaalamu anayejua jinsi ya kumtambua mama anayejiangusha makusudi, ashuke hapa. Mimi nimeshindwa.