Fundi Taratibu na Goti la Mkewe

Ukimwagiza Fundi Taratibu mlango, usimharakishe, mtagombana bure. Akishatia gundi kwenye maungio, anabana kwa vibano, na hapo hata uje na polisi haugusi mtu mpaka gundi ikauke. Ndivyo alivyo, na milango yake haichezi.

Sasa mkewe akateleza bafuni, akavunjika mguu chini kidogo ya goti. Daktari akaufunga plasta, akasema usitikiswe. Hilo fundi alilielewa, tena alifurahi kukutana na daktari mwenye akili. Plasta ilipotolewa, mtaalamu wa mazoezi, binti mmoja mchangamfu, akasema goti likunjwe asubuhi na jioni, hata likiuma. Fundi akapigwa na butwaa. Jana usiguse, leo kunja! Akaamua kwamba watu hawa hawaelewani wenyewe kwa wenyewe. Walipofika nyumbani akamlaza mkewe, mto huku, mto kule, goti likabanwa katikati.

"Baba watoto, yule binti kasema nikunje."

"Kasema. Na likiachia nitampata wapi? Tulia, mama, lishike kwanza."

Mama watoto akatulia. Jamani, goti lilikuwa linauma kweli, na kuambiwa upumzike si adhabu. Jikoni akaingia fundi mwenyewe, wakawa wanakula vilivyoungua.

Siku ya kurudi kliniki, goti likagoma. Binti alipojaribu kulikunja, mama watoto akapiga yowe, na fundi nusura amvamie mtoto wa watu.

"Mzee wangu, nani alimkataza kukunja?"

Fundi akatazama sakafu. "Si nyinyi mlisema usitikiswe?"

"Mfupa, mzee. Mfupa ulivunjika, ukatulizwa, ukaunga. Goti halikuvunjika." Akamvuta hadi kwenye mifupa ya plastiki iliyoning'inizwa pembeni, akalikunja goti la mifupa hiyo, akalikunjua. "Humu hamna gundi. Kuna kano zinazoshikilia, gegedu laini kwenye ncha za mifupa, na ute wa kulainisha. Likikaa bila kazi, linakakamaa."

"Kama bawaba."

"Tuseme kama bawaba."

"Basi tulipake mafuta kwanza, ndiyo tulifungue."

"Hapana, mzee. Hapa kulikunja ndiko kunakosambaza mafuta."

Fundi akakuna kichwa. Likunjwe ili lilainike, na halikunjiki kwa sababu halijalainika! Akaigeukia ile mifupa, akaishika goti, akalikunja mwenyewe mara mbili tatu. Likaenda bila ubishi, akazidi kuvurugikiwa.

"Haki ya Mungu sielewi," akasema. "Litapona?"

"Likikunjwa kila siku, naamini litarudi. Likiachwa tena, atatembea na mguu wa gogo. Na kwa kuanzia hawezi peke yake, atahitaji mikono yako."

Nyumbani, fundi akakaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mguu wa mkewe. Bado hakuelewa, na aliogopa kweli kweli.

"Nitakuumiza, mama watoto."

"Ulishaniumiza," mkewe akajibu, wala hakukasirika. "Kwa kunidekeza. Sasa kunja. Kazi yako kukunja, yangu kulia."

Akakunja. Mama watoto akalia, na yeye machozi yakamtoka, goti likasogea kidogo sana, na hakuacha.