Vipande Kumi na Viwili vya Okidi

Baba yangu ni seremala, na wenzake pale karakana wanamwita Msasa. Jina hilo hakulipata bure. Mwombe akuchongee mwiko wa jikoni, atakuletea mwiko laini mpaka uone haya kuutia kwenye sufuria. Adui yake mkubwa ni kifundo cha mbao. "Hapa ndipo itakapopasukia," husema, kisha hukata upande huu na upande huu, kifundo akakitupa kwenye kapu la maranda. Amefanya hivyo miaka arobaini. Nilipokuwa mdogo nilidhani siku moja atanipiga randa hata mimi.

Mama alikuwa mfagiaji wa ofisi. Okidi yake, mmea wa maua wa kwenye chungu, aliiokota kwenye pipa la taka la ofisi hiyo. Maua yalikuwa yamepukutika, wakubwa wakadhani imekufa. Akaja nayo nyumbani, akaiweka kwenye dirisha la jikoni, na mwaka wa pili ikatoa maua ya zambarau. Siku ile tulikula tumesimama, tunaitazama. Mtunza bustani wa ofisini ndiye aliyemfundisha kuizalisha: yale mashina marefu yaliyozeeka na kupukutisha majani hayajafa, ukiyakata vipande ukavilaza mahali penye unyevu, hutoa miche. Majirani waliomba miche, na kila mara Mama alisema mwaka ujao. Alikuwa mchoyo wa ile okidi, niseme ukweli.

Kisha akaugua. Alilazwa wiki tano, na Baba, kwa mapenzi yake yote, akawa anaimwagia okidi maji asubuhi na jioni mpaka mizizi ikaoza. Alikwenda kuungama wodini, kofia mkononi, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mama hakumgombeza.

"Yamebaki mashina mangapi magumu?"

"Matatu. Lakini hayana hata jani."

"Hayohayo. Yakate vipande vifupi, uvilaze juu ya makumbi ya nazi yenye unyevu, ufunike na nailoni. Nyunyizia kidogo kila asubuhi. Usiache hata siku moja."

Vifundo vya mashina hayo hakuvitaja. Kwa mtu anayejua maua, kuvitaja ni sawa na kumwambia mlaji afumbue mdomo kwanza.

Tulipokuwa tunashuka ngazi za hospitali Baba aliniambia, "Vile vipande vikichipua, mama yako atapona." Hakuwa anatania. Alikwisha kufunga mkataba wake, sijui na nani.

Siku nne baadaye madaktari walimrudisha Mama nyumbani kwa maneno ya upole ambayo sote tuliyaelewa isipokuwa Baba. Yeye alikuwa na furaha. Aliwasha jiko la maranda nyuma ya nyumba, akachemsha maji, nami nikamwogesha Mama, nikamvika gauni safi na kumkalisha karibu na dirisha lake. Hapo Baba akaingia na trei, ameibeba kwa mikono miwili.

Vipande vilikuwa kumi na viwili, vyote urefu mmoja, vimepangwa mistari mitatu. Ncha zake alikuwa amezipiga msasa. "Visije vikakuchoma," alisema.

Mama alipitisha kidole juu ya kila kimoja, polepole, kama anayehesabu.

"Umekata vizuri sana, mzee wangu."

Baba alicheka, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu Mama alazwe, akaondoka kwenda karakana huku anapiga mluzi. Alipofika mbali Mama akanivuta mkono.

"Chipukizi hutoka kwenye kifundo, mwanangu. Amevitoa vyote. Kimbia ukaangalie kapu la maranda."

Nilikimbia. Kapu lilikuwa tupu, limepinduliwa ukutani. Jiko lilikuwa bado la moto. Vifundo vya okidi ndivyo vilivyochemsha maji niliyomwogeshea mama yangu.

Nilirudi ndani nimefura kwa hasira. Nikasema ninakwenda kumwambia sasa hivi, mtu mzima gani anashindwa kuuliza, kila kitu kwake ni mbao.

"Umwambie nini?" Mama aliuliza. "Amesema vikichipua nitapona. Amesema kwako, amesema kwangu, kamwambia hata nesi. Sasa unataka ajue kwamba ameniua?"

"Mama, hajakuua."

"Wewe unajua. Na mimi najua. Yeye utamwambia nini mpaka aamini?"

Niligeukia vyombo, nikaanza kuviosha.

Basi kila asubuhi ikawa hivyo. Baba anafunua nailoni, ananyunyizia, anavaa miwani, anainama mpaka pua iguse trei. "Vipi leo?" anauliza Mama kutoka kwenye kiti. "Bado." "Vinataka subira hivyo." Nilikuwa nikijifanya naosha vyombo ili nisiwatazame. Mama alizidi kupungua, na vile vipande navyo vikaanza kusinyaa, kimoja kimoja, kuanzia pembeni. Alifariki wiki ya tisa tangu arudi nyumbani, asubuhi, chupa ya kunyunyizia ikiwa mkononi mwa Baba. Swali la siku ile hakuliuliza, na Baba aligeuka kuona kwa nini.

Mtunza bustani alikuja kutoa pole siku ya nne. Ni mtu mwema, mdomo wake tu hauna breki. Aliiona trei dirishani, akafunua.

"Mzee, mbona hivi havina vifundo? Hivi hata ukivikalisha miaka kumi havitoi kitu. Uhai wake uko kwenye kifundo."

Nilitamani nimtie kitambaa cha vyombo mdomoni. Baba alimsindikiza mgeni mpaka mlangoni, akamshukuru, akarudi na kukaa kwenye kiti cha Mama.

"Mama yako alijua?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nyumba ile ilikuwa imeshadanganywa vya kutosha, nami nilikuwa nimechoka.

"Alijua, Baba. Tangu siku uliyomletea."

"Akaniambia nimekata vizuri."

"Ulikata vizuri."

Aliitazama mikono yake, kisha akalia, kwa sauti, kama sikuwapo. Nilimwacha alie. Jioni nikaifunika trei kwa gazeti, nikiwa nimekusudia kuitupa kesho yake kabla hajaamka.

Aliniwahi. Nilimkuta dirishani, gazeti limekunjwa vizuri pembeni, miwani usoni, chupa mkononi.

"Baba, si umesikia alivyosema yule?"

"Nimesikia." Akavuta nailoni, ikamponyoka. "Mama yako alisema nisiache hata siku moja."

Nikamshikia nailoni, akanyunyizia.