Mafuta ya Kondoo na Mboga za Mhubiri

Kwetu Oldonyiro mtu akiugua, kondoo anachinjwa. Mafuta ya mkia yanayeyushwa, mgonjwa anakunywa kikombe baada ya kikombe, na hakuna cha kukataa. Ukikataa, umekataa kuishi. Ndiyo maana mimi nilinyamaza na uvimbe wangu.

Nilikuwa nimeolewa mjini, Kiwanjani, miaka ya sabini ikielekea kwisha. Kulikuwa na mhubiri aliyepita nyumba kwa nyumba akifundisha kwamba nyama ndiyo inaleta kansa, na mwenye kula mboga haipati. Alikuwa na shamba kule Rapsu. Mboga alizotuuzia zilikuwa zake. Hilo tuliliona wote, hakuna aliyelisema. Mimi niliachia shule darasa la pili, na mtu akifungua kitabu mbele yangu nilikuwa naamini. Nikaapa kanisani kwamba nyama na mafuta ya mnyama hayataingia kinywani mwangu tena. Mume wangu akaanza kuniita mbuzi. Akirudi jioni aliuliza kama mbuzi wake ameshiba majani.

Sitadanganya, mboga zilinifaa. Tumbo lilitulia, mwili ukawa mwepesi.

Kisha uvimbe ukatokea kwenye titi la kushoto, mdogo kama punje ya dengu. Nilimwendea mhubiri. Alisema kansa haiwezi kuwa, mimi sili nyama. Hayo ni maziwa yameganda tu. Halafu akasema neno ambalo ninalo mpaka leo.

"Dada, usiwaambie watu wa kwenu. Watakuchinjia kondoo, uvunje kiapo."

Mume wangu alijua pia. Alisema mhubiri amesoma kuliko sisi. Hao wawili ndio ninaowalaumu. Nyama siilaumu.

Mvua zikaja, zikaisha. Dengu ikawa limau, ngozi ikavutika ndani.

Mama yangu alipokuja kututembelea, alinikuta naoga nyuma ya nyumba, akaingia kunisugua mgongo kama zamani. Mkono wake ukapita ubavuni, ukasimama. Asubuhi aliniwekea kibuyu cha mafuta mbele yangu. Nikamweleza kiapo huku nalia, nikingoja matusi. Yeye akakifunga kibuyu, akakirudisha kwenye kikapu.

"Baba yako aliyanywa haya, akafa. Wewe umekula majani, umeota hicho. Tuache mambo ya chakula, twende kwa daktari."

Mume wangu akasema tungoje kwanza mhubiri arudi kutoka Rapsu. Kwetu mama mkwe na mkwe hawajibizani, lakini siku hiyo mama alimjibu, tena polepole.

"Mngojee wewe. Umpikie na chai."

Titi lilikatwa. Nilipopata nguvu nilimuuliza daktari kama mboga zilikuwa uongo. Akasema hapana, mboga ni nzuri, na huenda zikapunguza hatari ya kansa nyingine, hata kuacha nyama nyingi kunaweza kusaidia. Lakini hakuna chakula kinachofunga mlango kabisa. Akasema pia ningekuja mapema, kazi ingekuwa rahisi.

Mhubiri bado anapita na mboga zake. Ananiambia habari dada, naitikia nzuri, na sinunui. Sukuma wiki yangu naipanda mwenyewe, pale pale nilipokuwa naogea. Na siku hizi kitu kidogo kikiniuma nasema wazi, wote wasikie, kondoo achinjwe au asichinjwe.