Habari za Kovno Nilizozitafsiri

Harufu ya bitiruti zikichemka hunirudisha jikoni kwa Gogo Leah, ghorofa ya chini ya jengo tulilohamia Yeoville, mtaa wa Johannesburg, tulipotoka Bukavu. Gogo ni bibi kwa Kizulu, lakini yeye alikuwa Myahudi, wa mwisho katika jengo lile. Wenzake walishahama zamani. Mama alimshonea magauni, na kwa kuwa Mama hakujua Kiingereza, mkalimani nilikuwa mimi, mtoto wa miaka tisa mwenye kujiona sana.

Gogo Leah hakuchoka kusimulia habari za Kovno. Lilikuwa jimbo la mfalme wa Urusi, na babu yake alikuwa na duka la unga huko. Vita vya kwanza vya dunia vilipokuja, jeshi la mfalme likasema Wayahudi wote ni wapelelezi wa Wajerumani, waondoke mara moja. Majirani walimsaidia babu kupakia mkokoteni, wengine wakilia. Hata hajavuka daraja, wakawa wanagawana unga wake.

"Kumbe kama kwetu Kivu," Mama alisema, pini mdomoni.

Ufalme ulipoanguka babu alirudi. Majirani ni watu wema, alisema, waliingiwa na hofu tu. Baba yake Leah alikataa kurudi, akapanda meli kuja Johannesburg. Vikaja vita vya pili, Wajerumani wakaingia, na safari hii baadhi ya majirani wale wale ndio waliowaonyesha nyumba za Wayahudi. Katika ukoo wao hakubaki mtu kule. Jimbo lenyewe lilishafutwa kwenye ramani. Nchi ile sasa inaitwa Lithuania.

Siku moja Baba alikuwepo, naye pia Kiingereza hakukijua. Alikuwa na spaza, kiduka cha mtaani, kule Diepsloot, na aliifunga watu walipoanza kuwafukuza wageni. Sasa mambo yalionekana kutulia, akataka kwenda kufungua kesho yake. Gogo Leah akaweka mwiko chini, akaniambia nimwombe asiende.

"Mwambie wale ni wateja wangu," Baba akasema. "Watoto wao wananiita malume." Yaani mjomba, kwa Kizulu.

"Mwambie babu yangu naye walimwita mjomba."

Nilitafsiri vizuri, kila neno. Baba akatabasamu kwa adabu, akamshukuru kwa chai.

Kesho yake jioni tulimkuta Baba hospitali, jicho la kushoto limekwisha. Alitusimulia mara moja tu. Alikuwa amelala chini, damu usoni, na kijana aliyebeba gunia la mwisho la mchele alipompita akamwambia, "Samahani, malume." Baba alisema neno lile lilimuuma kuliko jiwe.

Gogo Leah alikuja wodini, akaketi kando ya kitanda. Hakuitaja Kovno. Baba alimshika mkono, wakakaa hivyo, na hakuna aliyeniomba nitafsiri.

Leo nina watoto wangu, wanaoongea Kizulu vizuri kuliko Kiswahili. Huniambia nisiwe na wasiwasi, mtaani kila mtu anawajua. Utotoni nilidhani bibi yule anatusimulia habari za Urusi. Kumbe alikuwa akimsihi baba yangu, kwa mdomo wangu, nami sikujua ninachokisema.